Umeme ulivyokatika Ghana na kuiokoa kampuni kubwa ya meli

Juni 27, 2017, kompyuta za kampuni ya meli ya Maersk zilianza kuzima moja baada ya nyingine. Makao makuu Copenhagen, Denmark, watu walikimbia ofisi hadi ofisi wakiambiana wachomoe nyaya. Walishachelewa. Bandarini, malori yalipanga foleni kwa sababu hakuna aliyejua kontena lipi ni la nani.

Kirusi kilichofanya hayo kinaitwa NotPetya, na hakuna mfanyakazi aliyebofya linki ya ajabu. Kilipita kwenye masasisho ya M.E.Doc, programu ya hesabu na kodi inayotumika sana Ukraine. Skrini zilidai dola 300 kwa bitcoin, lakini hata ukilipa, hupati kitu. Kilitengenezwa kuharibu, si kukusanya hela. Marekani na Uingereza zilililaumu jeshi la Urusi, Urusi ikakana.

Sasa, Maersk walikuwa na bakapu za data nyingi. Tatizo lilikuwa seva kama 150 zinazoshika orodha ya watumiaji na kuamua nani aingie wapi. Bila hizo, huwezi kuurudisha mtandao. Seva hizo zilikuwa zinanakiliana zenyewe kwa zenyewe, kwa hesabu kwamba moja ikifa, nyingine zipo. Zikafutika zote kwa mpigo.

Kasoro moja, ya ofisi ya Ghana. Kabla ya shambulio umeme ulikatika huko, seva ikawa nje ya mtandao na kirusi hakikuifikia. (Tunaolalamikia mgao tunyamaze kidogo.)

Intaneti ya kutuma data hizo Uingereza ilikuwa ya polepole mno, ingechukua siku kadhaa. Wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Basi mmoja akapanda ndege hadi Nigeria, akakabidhi diski kwa mwenzake uwanja wa ndege, naye akaruka nayo hadi London.

Maersk ilifunga upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku 10. Hasara yake yenyewe iliikadiria kati ya dola milioni 250 na 300.

Wewe mwenye duka la jumla au ofisi ya watu wanne huna ofisi Ghana. Ukiweka rekodi za mauzo na madeni kwenye laptopu moja, na flashi ya bakapu imechomekwa humo humo mwaka mzima, kirusi kikiingia kinakula vyote viwili. Hata nakala ya mtandaoni inayojisasisha yenyewe inaweza kupokea faili zilizoharibika na kufuta zile nzima.

Nunua diski ya pili. Nakili kila wiki, chomoa, peleka nyumbani. Kisha mara moja moja ifungue kwenye kompyuta nyingine, uone kama daftari la wadaiwa linasomeka.