Gundi ya Makaa: Kutoka Lami ya Ulaya hadi Molasi ya Kisumu

Utangulizi

Haba na haba hujaza kibaba. Ukweli wa methali hii hudhihirika katika soko la Kibuye mjini Kisumu, ambako kila gunia la makaa likiisha kuuzwa, vumbi jeusi hubaki chini. Sehemu ya kumi ya makaa, na pengine zaidi, husagika hivyo njiani na sokoni. Vumbi hilo lina nishati ile ile ya makaa yaliyolizaa, lakini likitiwa jikoni huziba hewa na moto hufa. Makala haya yanafafanua jinsi vumbi la makaa linavyoshikamanishwa kuwa vibonge, na kwa nini gundi inayoteuliwa, pamoja na neno linaloitaja, ni suala la afya ya mpishi.

Suala la istilahi

Nchini Kenya, neno makaa pekee humaanisha makaa ya miti, ambayo Watanzania huyaita mkaa. Yanayochimbwa ardhini ni makaa ya mawe. Kuhusu kitu kinachoshikamanisha vumbi, neno kiunganishi limekwisha kutwaliwa na wanasarufi, nalo kiungo ni mali ya wapishi. Kwa hivyo, makala haya yanatumia gundi.

Utata mkubwa zaidi umo katika neno lami. Kwa mkazi wa Kisumu, lami ni ile ya barabara, ambayo hutokana na mafuta ghafi ya petroli. Lami inayotajwa katika maelezo ya vibonge vya makaa ya mawe ni nyingine kabisa.

Lami ya makaa ya mawe

Makaa ya mawe yakipashwa moto mkali katika chombo kisichoingiza hewa, hutoa gesi, lami nzito nyeusi, na masalia magumu yenye kaboni nyingi. Viwanda vya Ulaya katika karne ya 19 vilikoleza lami hiyo, vikaichanganya ingali moto na unga wa makaa, takriban kilo 5 hadi 10 kwa kila kilo 100, kisha vikaushindilia kwa mashine. Siri yake ni kwamba lami ikiungua nayo hugeuka kaboni, ikawa daraja baina ya chembe na chembe. Kibonge hakimomonyoki motoni wala hakilainiki kwa maji.

Hata hivyo, lami hii ina sumu. Mnamo 1775, daktari Percivall Pott wa London alihusisha masizi na saratani iliyowapata wafagiaji wa mabomba ya moshi. Mnamo 1915, Katsusaburo Yamagiwa na Koichi Ichikawa wa Japani walionyesha kwamba lami ya makaa ya mawe, ikipakwa mara kwa mara kwenye masikio ya sungura, husababisha saratani. Aidha, baada ya ukungu wenye moshi uliowaua maelfu ya watu London mnamo Desemba 1952, Uingereza ilipitisha sheria ya hewa safi mwaka wa 1956, na makaa yasiyotoa moshi yakapewa kipaumbele.

Molasi na gundi nyinginezo

Kisumu haina migodi ya makaa ya mawe, lakini imepakana na mashamba ya miwa ya Miwani, Chemelil na Muhoroni. Molasi, yaani uji mweusi unaobaki sukari ikiisha kutolewa, hufanya kazi kama lami: sukari iliyosalia ndani yake huungua ikawa kaboni. Vumbi huchekechwa ili kuondoa mchanga, huchanganywa na molasi iliyozimuliwa kwa maji, hushindiliwa, kisha huanikwa kwa siku kadhaa. Dosari zake ni mbili: kibonge hunyonya unyevu, na hutoa moshi kinapowashwa. Kukioka kabla ya kukiuza hupunguza dosari zote mbili, ingawa kuoka kwenyewe kunahitaji moto na gharama.

Uji wa wanga wa muhogo nao hushika vizuri bila moshi mwingi, ila unashindana na chakula. Udongo wa mfinyanzi ni rahisi kupatikana na hufanya moto udumu, lakini huongeza majivu na kupunguza joto. Ama gugumaji la Ziwa Viktoria, hilo si gundi bali ni malighafi. Kwa kuwa zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji, sharti likaushwe kwanza, ndipo lichomwe liwe makaa.

Hitimisho

Ni bayana kwamba gundi hubeba nguvu ya kibonge na madhara yake kwa pamoja. Hata kibonge kisicho na moshi hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyoonekana wala kunuka, ambayo huua katika chumba kilichofungwa. Fauka ya hayo, mfasiri atakayeandika "changanya na lami" bila ufafanuzi anaweza kumfanya msomaji wa Nyalenda au Dunga abebe lami ya barabarani hadi jikoni. Hapo kosa la istilahi litakuwa limeingia katika mapafu ya mtu.