Kuhesabu Mahindi Yangali Shambani

Tarehe 29 Februari 2024, Rais Hakainde Hichilema wa Zambia alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Katika hekta milioni 2.2 zilizopandwa mahindi, takriban milioni moja zilikuwa zimeharibika.

Ndugu msomaji, hesabu hiyo haipatikani kwa kuchungulia dirishani mwa gari. Bua laweza kusimama kijani lisiwe na hindi la maana, kwani mvua ikikatika wakati wa mbelewele, punje hazijai. Kwa hiyo makarani huwaendea wakulima kuwauliza wamelima eneo gani na wanatarajia magunia mangapi. Jumla hiyo huongezewa akiba ya maghala, kisha hutolewa chakula cha watu, mbegu na kitakachoharibika. Pengo likichelewa kujulikana, malori nayo huchelewa, na anayeumia kwanza ni mnunuzi wa unga wa rejareja.

Mavuno yalikadiriwa kuwa tani milioni 1.5, chini ya nusu ya yale ya 2023. Mwaka huo huo Tanzania ilikubali kuiuzia Zambia tani 650,000. Lakini mahindi si ugali mpaka yasagwe, na umeme wenyewe ulikuwa wa mgao: ukame ule ule ulikuwa umepunguza mno maji ya bwawa la Kariba.