Sahani ya Bure Katika Nyumba ya Kamari

Kwetu pwani mtu akikualika chakula hakuulizi umekuja na kiasi gani. Ukipiga hodi wakati sinia limekwisha kutengwa, unavuta mkeka, unanawa, unasema Bismillahi, basi yamekwisha. Ndiyo maana msomaji wa Lamu au wa Mombasa akisikia kwamba ziko nyumba ambamo wali, kuku na soda hutolewa bure kwa kila aliyeketi, kwanza hudhani anasimuliwa habari ya karamu. Kumbe ni habari ya kasino.

Kasino, ndugu msomaji, ni nyumba ya kamari yenye leseni. Kenya imekuwa na sheria ya mambo hayo tangu 1966, na mijini nyumba za namna hiyo zipo, Nairobi na hata Mombasa yetu. Mchezaji akikaa mezani huletewa kinywaji, na akikaa zaidi huletewa sahani. Halipi. Katika Marekani mtindo huu umekua hata umekuwa maisha kamili ya watu wazima: mume na mke waliostaafu wanaondoka nyumbani asubuhi, wanacheza kidogo, wanakula chakula cha mchana cha bure, wanapumzika, wanacheza tena, wanakula cha jioni, wanarudi kulala. Kesho vivyo hivyo. Asili yake ni huko Las Vegas, katika hoteli ya El Rancho Vegas iliyofunguliwa mwaka 1941. Katika miaka hiyo ya 1940 hoteli ile ilianza kutandika meza ndefu ya vyakula, mtu anakula ashibe kwa dola moja tu, saa yoyote. Meza ile yenyewe haikukusudiwa kuleta faida. Ilikusudiwa kuwazuia watu wasitoke nje kutafuta chakula.

Sasa tuwalete wazee hao karibu, bara ya Kenya, Kisii na Nyamira. Tuchukue kwa mfano tu mwalimu mstaafu wa upande wa Nyamira na mkewe, omogaka na omongina kama wasemavyo wenyewe. Mwalimu wa serikali tangu 2009 hustaafu akiwa na miaka 60. Amesomesha watoto, nao wako Nairobi. Wengine wamevuka bahari, kwani Wakisii wengi wamehamia jimbo la Minnesota huko Marekani, hasa katika kitongoji cha Brooklyn Park. (Na huko Minnesota nako, mwaka 1992, wenyeji asilia wa kabila la Dakota walifungua kasino kubwa iitwayo Mystic Lake. Sisemi kwamba wazee wa Kigusii wanaotembelea watoto wao wanapelekwa huko. Nasema tu kwamba mlango uko wazi.)

Nyumbani, mwalimu wetu ana migomba, ana kipande cha chai, basi. Ardhi ni haba. Hesabu ya watu ya 2019 ilikuta watu zaidi ya 1,260,000 Kisii na zaidi ya 605,000 Nyamira, juu ya vilima ambavyo baba amewagawia wana, na wana wamewagawia wajukuu, hata shamba limebaki kama jamvi. Kwa hiyo fedha kubwa atakazoziona maishani ni mbili: kiinua mgongo, kinachokuja mara moja, na bonasi ya majani chai, inayokuja mara moja kwa mwaka, aghalabu mwezi wa Oktoba, kwa wale wanaopeleka majani yao katika viwanda kama Nyansiongo, Kebirigo na Sanganyi. Zilizobaki ni pensheni ya mwezi na saa nyingi zisizo na kazi.

Hizo saa ndizo jambo lenyewe. Mzee wa pwani akimaliza alasiri anajua pa kwenda: barazani. Ipo kahawa, upo ubao wa bao, wapo wenzake wa kumtania, na akishindwa bao hupoteza sifa tu, mfuko hauguswi. Mwalimu aliyezoea kuamkiwa na watoto mia nne kila asubuhi, sasa haamkiwi na mtu ila ng'ombe. Kasino inajua upweke huo. Mlangoni anaitwa kwa jina, kiti kinavutwa, mke anaulizwa kama atapenda chai au maji ya matunda. Mimi naona kwamba wengi hawavutwi na tamaa ya mali. Wanavutwa na kule kupokewa, na sahani ni alama ya kupokewa.

Lakini tuihesabu sahani ile. Uko mchezo wa gurudumu lenye vijishimo 37, sifuri hadi 36, ambamo hurushwa kijipira. Ukilenga namba moja na ikatoka, hulipwa mara 35 ya fedha uliyoweka. Namba ziko 37, malipo ni 35. Hapo ndipo mwenye nyumba anapokula. Kwa wastani, katika kila shilingi 37 zinazowekwa mezani, moja hubaki kwake. Omogaka na omongina wakiweka shilingi mia mia kila mzunguko, na gurudumu likizunguka mara 40 kwa saa, kila mmoja ameweka 4,000 kwa saa, na kwa wastani ameacha 108. Wakikaa saa nne, wote wawili wameacha kama 865. Wakienda mara mbili kwa juma mwaka mzima, wameacha karibu shilingi elfu tisini. Na magurudumu ya Kimarekani yana sifuri mbili. Hapo hesabu inakaribia kuwa maradufu, zaidi ya laki moja na elfu sabini na tano.

Ni kweli kwamba ziko siku watakazorudi na faida. Siku hizo ndizo zitakazosimuliwa kwa jirani. Lakini karani wa kasino hahesabu siku, anahesabu saa. Mchezaji wa kila mara hupewa kadi, na kadi hiyo huandika ameweka kiasi gani na ameketi muda gani. Kutokana nayo nyumba hukisia amekwisha kuacha kiasi gani, kisha humrudishia sehemu, tuseme robo au thuluthi, kwa njia ya chakula au chumba cha kulala. Basi kuku yule ni wa omogaka mwenyewe. Amemnunua kwa bei ya kuku watatu au wanne, na bado anashukuru.

Hapa msomaji Mwislamu atakumbuka jambo la kale. Neno letu kamari ni la Kiarabu, kimari, lakini Qur'ani imetumia neno maisiri, na wafasiri wameeleza maisiri ya zama za Ujahilia ilikuwa nini. Ngamia alichinjwa akagawanywa mafungu. Ikachukuliwa mishale kumi, saba yenye hisa na mitatu mitupu, ikatiwa katika mfuko na kutolewa mmoja mmoja. Mwenye mshale wa hisa alipata nyama. Waliotoka na mishale mitupu walilipa bei ya ngamia. Na washindi hawakula! Walijivunia kuwapa maskini nyama yote, hasa wakati wa baridi na njaa. Kwa hiyo kamari na mlo wa bure si ndugu wa jana. Sura ya Al-Baqara haikukana kwamba kamari ina manufaa, ila ilionyesha kuwa madhara yake ni makubwa zaidi. Kisha Sura ya Al-Maida ikafunga mlango. Tofauti ni kwamba Mwarabu yule wa kale alimlisha mwenye njaa kwa fedha za aliyeshindwa, na kasino humlisha aliyeshindwa kwa fedha zake mwenyewe, ili aendelee kushindwa.

Wala tusidhani ni Waislamu peke yao wanaolichukia jambo hili. Waadventista wa Nyanchwa na Wakatoliki wa Nyabururu, ambao misheni zao ni za zamani sana katika nchi ya Wagusii, wana maneno makali juu yake pia.

Hata hivyo kamari ilipanda vilima hivyo, na haikupanda na sahani. Katika miaka ya 2010 zilienea katika vituo vidogo vya soko nchini mashine za kumeza sarafu, watu wakiziita za Wachina, zikiwekwa pembeni mwa duka au kinyozi. Mashine hiyo haina kiti wala chai. Inachukua sarafu ya shilingi ishirini ya mtoto aliyetumwa chumvi sawa na ya mzee. Aliyekuja kuziandama alikuwa mwana wa Nyamira mwenyewe, Fred Matiang'i, mzaliwa wa Borabu, alipokuwa Waziri wa Usalama wa Ndani. Mashine zilikusanywa na kuchomwa moto hadharani, na Julai 2019 kampuni 27 za kubahatisha zikanyimwa leseni mpya.

Moshi ulipotulia, kamari ilikuwa imehamia katika simu. M-Pesa ilianza 2007, na fedha zinazoweza kumfikia mama kijijini bila basi zinaweza pia kuondoka bila basi. Sheria ya 1966 imekwisha kufutwa na mahali pake imewekwa Sheria ya Udhibiti wa Kamari ya 2025. Ila sheria haiwezi kuingia chumbani usiku mwalimu anapobonyeza kidole gumba chini ya blanketi, mkewe akidhani anasoma habari za mpira. Wale wawili wa kasino angalau walikuwa pamoja, kila mmoja akimwona mwenzake akipoteza. Huyu wa simu yuko peke yake. Bonasi ya Oktoba ikiingia, omongina anaweza kuja kuisikia habari yake siku atakapotaka kununua mbolea, na mezani pana ugali wa wimbi na chinsaga alizochuma mwenyewe.