Je, Dawa Imo Mwilini?

Kila mmoja wetu amekwisha kusikia habari za dawa za kufubaza Virusi vya UKIMWI. Lakini ni wachache wanaojua jinsi daktari awezavyo kutambua kama dawa hizo zinamezwa. Mimi nilipata hamu ya kujua kwa sababu ya mjomba wangu, ambaye ameniruhusu nieleze habari hii.

Mjomba alipimwa damu kliniki, akaonekana ana virusi vingi. Alipoulizwa, alijibu kwamba humeza dawa kila siku. Muuguzi hakumsadiki, akamkaripia mbele ya watu.

Kipimo cha wingi wa virusi hueleza kwamba virusi vimeongezeka, lakini hakitaji sababu. Huenda dawa haimezwi. Au huenda inamezwa, bali virusi vimekuwa sugu. Mgonjwa wa kwanza yafaa asaidiwe kumeza. Wa pili yafaa abadilishiwe dawa. Kuwachanganya ni hatari.

Hapo ndipo kinapofaa kipimo cha mkojo, kilichobuniwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, pamoja na kampuni ya Abbott. Kidonge kimezwacho na wagonjwa wengi siku hizi, kimoja kwa siku, kina dawa tatu ndani yake: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Tenofoviri hutoka mwilini kwa njia ya mkojo. Basi matone machache ya mkojo hutiwa katika kipimo kifananacho na kile cha malaria, na majibu huonekana baada ya dakika chache.

Lakini mistari yake husomwa kinyume. Mstari mmoja maana yake dawa imo. Miwili maana yake haimo, au ni kidogo mno. Rangi iliyomo katika kipimo hushikana na dawa ya mkojoni. Ikiikosa, husonga mbele na kunasa penye dawa iliyopakwa tayari, ikachora mstari wa pili.

Hata hivyo, mkojo husema habari za siku chache zilizopita tu. Mtu aweza kuacha dawa mwezi mzima, akameza siku za kukaribia kliniki. Nywele, ambazo hukua kama sentimeta 1 kwa mwezi, hutunza habari za muda mrefu zaidi, ila kuzipima kwahitaji maabara.

Huko Thika, Kenya, kipimo cha mkojo kilijaribiwa kwa wanawake waliokuwa wakimeza dawa za kujikinga na VVU. Walionyeshwa majibu papo hapo, wakazungumza na mshauri. Baadaye nywele zao zilionyesha kwamba walimeza vizuri kuliko wenzao waliopata ushauri bila kipimo.

Na mjomba je? Mwishowe alimwambia mama ukweli. Alikuwa akilala chumba kimoja na wafanyakazi wenzake, na kopo la vidonge likitikisika hulia. Siku nyingi aliogopa kulifungua. Kipimo kingaliweza kuonyesha kwamba hakumeza, lakini habari za kopo kisingalizijua. Hizo hupatikana kwa kumwuliza mtu kwa upole. Kipimo kikifanywa mtego, wagonjwa watakikimbia.

Nasi tulalao wengi katika bweni moja tufikiri. Huenda mwenzetu ana kopo kama hilo sandukuni mwake. Usiku tukisikia vidonge vikilia, tusiulize ni vya nini. Tumwache ameze.

Mwanafunzi, Kidato cha IV