Mtoto Aliyezaliwa na Njia ya Mkojo Isiyo Kama ya Wengine

Umekwisha kuona mbuzi akichinjwa, na mafigo yake mawili yaliyolala mgongoni. Wewe nawe unayo, chini ya mbavu za mwisho, kila moja kama ngumi yako. Mafigo huchuja damu, nayo maji machafu hushuka kwa mirija myembamba mpaka kibofuni.

Lakini watu wote hawakuumbwa sawasawa. Tumboni mwa mama mafigo ya mtoto huanza chini, penye nyonga, kisha hupanda. Pengine moja hubaki kulekule chini. Pengine yote mawili hushikana ncha zao za chini kama herufi U; katika watu 500 hivi utampata mmoja wa namna hii. Mwingine huzaliwa na figo moja tu, nalo hukua na kufanya kazi ya mawili. Wengi wao huzeeka bila kujua.

Lakini ziko namna mbili za watoto wanaume ambazo wazazi wanapaswa kuzijua.

Mtazame mwana wako akikojoa. Je, mkojo waruka mbele, ama wadondoka tone tone huku akijikaza na kulia? Je, tumbo ni gumu chini ya kitovu? Pengine utando mwembamba umeziba njia chini ya kibofu. Mkojo usiotoka husukuma nyuma, mafigo yakavimba na kuharibika. Usimpe dawa ya mizizi ya kukojoza: mlango umefungwa, nawe waongeza maji! Mlete upesi. Daktari atamtazama kwa ekografi, kisha ataukata utando kwa chombo chembamba kinachopita katika njia yenyewe ya mkojo. Hata akipona, mrudishe kila mara mnapoitwa, kwa kuwa mafigo yaliyoumia yanahitaji kuangaliwa miaka mingi.

Namna ya pili, tundu la mkojo liko upande wa chini wa uume, si kwenye ncha. Jirani husema mtoto amerogwa, au mama alivunja mwiko. Sivyo. Jambo hili lilitokea tumboni katika miezi ya kwanza, wala mama hakulifanya. Lakini asitahiriwe! Ngozi ile ya mbele ndiyo daktari anayotumia kutengeneza njia mpya, kama fundi anayetia kiraka cha kitambaa kilekile. Ikiisha kutupwa, kazi huwa ngumu zaidi. Wakati mzuri wa kumpasua ni kati ya miezi 6 na 18. Babu wakiharakisha tohara, waambie wangoje, mtoto afike hospitali na ngozi yake yote.