Sweta za shule na sungura: kalenda mbili za mfumaji wa Kampala

KAMPALA. Wiki ya kwanza ya Desemba, watoto wa Uganda wanaporudi nyumbani kwa likizo ndefu, ndipo mwaka wa mfumaji wa sweta unapoanza. Kuanzia hapo hadi shule zifunguliwe mapema Februari, kigari cha mashine hakipoi. Kinakwenda kulia, kinarudi kushoto, mstari juu ya mstari, mpaka usiku wa manane. Umeme ukikatika kazi haisimami, maana mashine nyingi za mitaani huendeshwa kwa nguvu za mkono. Kinachohitajika ni taa tu.

Nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka kwenye mashine hiyo, si ajabu kukuta vizimba viwili vitatu vya sungura. Sungura hawiki kama jogoo wala habweki. Katika vyumba vya kupanga vilivyobanana, ambavyo Kampala huitwa mizigo, mfugo usiopiga kelele ni mfugo usioleta ugomvi na mwenye nyumba.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani, sweta na sungura vinaweza kuonekana kama vitu visivyojuana. Vinajuana kwa kalenda. Sweta huleta fedha kwa msimu, kisha hukauka. Sungura huleta kidogo, lakini hangoji shule ifunguliwe. Anayetaka kununua sweta Kampala na kuziuza Kigali, Goma au Busia ana faida kubwa akizielewa kalenda hizo mbili kabla ya kufungua pochi.

Uzi kwanza, sweta baadaye

Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya mvua mtoto anayetoka alfajiri anahitaji kitu kizito mwilini. Lakini sweta ya shule si ya kuzuia baridi peke yake. Ni sare: rangi iliyochaguliwa na shule, mistari shingoni na mikononi, nembo kifuani. Ikikosea rangi, hata iwe imefumwa vizuri namna gani, mzazi ataikataa mlangoni.

Uganda inalima pamba, na Jinja imekuwa na kiwanda kikubwa cha nguo tangu miaka ya 1950. Hata hivyo sweta nyingi za shule hufumwa kwa nyuzi za akriliki, ambazo hukauka upesi, hazipauki haraka na ni nafuu. Akriliki hutokana na mafuta ya petroli. Shehena zinazotoka ng'ambo hushuka bandari ya Mombasa na kusafiri zaidi ya kilomita 1,100 kabla ya kufika kwenye maduka ya jumla katikati ya Kampala. Dola ikipanda, au barabara ikifungwa, mfumaji anaisikia kwenye bei ya kilo.

Tena uzi una hila yake. Kila mkupuo wa rangi unaotoka kiwandani hutofautiana kidogo na uliotangulia. Nyuzi mbili zenye jina moja la rangi, zilizonunuliwa miezi miwili mbali, zikiwekwa mwili na mkono wa sweta moja, tofauti itaonekana juani. Kwa sababu hiyo mwenye oda ya sweta 200 hulazimika kununua uzi wote kwa mara moja. Kilo moja hutoa sweta tatu au nne za mtoto wa darasa la chini. Hizo ni kilo 50 hadi 70, zilizolipiwa kabla shilingi moja haijarudi.

Mashine ya kawaida ya kufuma ina sindano 200 zilizopangwa kwenye mstari mmoja. Kwanza hufumwa mgongo, kisha kifua, kisha mikono miwili, halafu vipande huunganishwa na kuwekwa shingo. Sindano moja ikivunjika na fundi asione, uzi huachia kutoka juu hadi chini na kipande kizima hufumuliwa. Mashine nyingi ni za zamani, na vipuri mara nyingi hutoka kwenye mashine nyingine iliyokufa.

Miezi mikavu

Februari ni mwezi wa kudai. Sweta zimeshavaliwa, lakini si kila shule imelipa, kwa kuwa shule nayo inangoja karo. Muhula wa kwanza huisha mwanzoni mwa Mei, wa pili huanza mwishoni mwa mwezi huohuo na kufika Agosti, wa tatu huanza katikati ya Septemba hadi mwanzoni mwa Desemba. Katika mihula hiyo miwili ya baadaye mauzo hupungua, maana wengi hununua sweta mwanzo wa mwaka. Wanaobaki ni waliopoteza, waliohama shule na waliorefuka ghafla.

Hapo mfumaji huweka mashine pembeni na kushika sindano za mkono. Anafuma vitambaa vya makochi na meza kwa kroshia, kofia na soksi za watoto wachanga, na shali za kina mama. Kwanjula, sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa binti, husaidia kuleta oda za vitambaa vya kupamba sebule. Kazi hii hufanyika popote: kibandani sokoni, kwenye foleni ya zahanati, mlangoni jioni. Kasoro yake ni moja. Kitambaa kikubwa kinaweza kuchukua majuma mawili ya mikono, na mnunuzi bado atataka bei ya kitu kilichotoka kiwandani.

Miezi hiyo mikavu ndiyo inayobebwa na sungura.

Siku 31

Sungura jike hubeba mimba kwa siku 31 hivi. Mfugaji mzoefu huhesabu tangu siku ya kumpeleka kwa dume, na ifikapo siku ya 28 humwekea sanduku la kuzalia lenye majani makavu. Kazi inayobaki huifanya mwenyewe: hujinyonyoa manyoya ya tumboni na kuyatandika kiotani, kwa sababu watoto huzaliwa uchi, macho yamefumba. Macho hufunguka baada ya siku kama kumi. Wakifika majuma sita hivi huweza kuachishwa ziwa. Jike anayezalishwa kwa kiasi, mara nne kwa mwaka, akikuza watoto sita kila uzao, hutoa sungura 24 kwa mwaka kutoka kwenye kizimba kimoja.

Chakula chao kinaota kando ya njia. Majani ya viazi vitamu, nyasi, na kishona nguo, lile gugu ambalo mbegu zake hung'ang'ania sketi na suruali. Waganda huliita ssere. Sharti ni moja: majani yasipewe yakiwa na umande au mvua. Yaanikwe kwanza yanyauke, la sivyo tumbo hujaa gesi na sungura hufa usiku mmoja. Vizimba viinuliwe juu ya ardhi, vikauke, viwe kivulini, kwa kuwa joto kali humuua sungura upesi kuliko baridi. Kinyesi na mkojo wake si taka. Wenye bustani za mboga hutumia kama mbolea.

Wapo wanaodhani kwamba mfumaji anafuga sungura kwa ajili ya uzi. Sivyo. Sungura anayetoa manyoya ya kufumia ni Angora, aliyepewa jina la mji wa Ankara, Uturuki, ambaye manyoya yake marefu hukatwa au kuchanwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Sungura weupe wanaofugwa kwa kawaida Kampala wana manyoya mafupi, hayasokoteki. Hawa hufugwa kwa nyama, kwa mbegu, na kwa watoto wa nyumbani ambao huwapa majina kabla mama hajamaliza kuhesabu. Siku ya kuuza huwa na machozi. Jike aliyezaa vizuri hubaki mwaka baada ya mwaka, naye huwa kama mwenyeji wa nyumba.

Mwaka ambao haukuanza

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Mwaka 2020, aliyeshika moja ndiye aliyeponyokwa na vyote.

Tarehe 20 Machi mwaka huo shule zote za Uganda zilifungwa kwa sababu ya korona. Wanafunzi wa madarasa ya mitihani walirudi Oktoba, wengine kwa zamu mapema 2021, kisha Juni 2021 zikafungwa tena. Zilifunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Ulikuwa ufungaji mrefu kuliko wa nchi nyingine yoyote duniani, na uliwagusa wanafunzi takriban milioni 15. Mengi yameandikwa kuhusu masomo yaliyopotea, mimba za wasichana na walimu waliogeuka waendesha bodaboda. Mfumaji wa sweta hakuandikwa sana, ingawa soko lake lote lilikuwa limekaa nyumbani na sweta ya mwaka uliopita.

Uzi ulionunuliwa kwa mkopo ulilala kwenye mifuko. Rangi ya shule moja haiuziki kwa shule nyingine, na sweta yenye nembo haina mnunuzi mwingine duniani. Aliyetegemea wanunuzi wa Rwanda alikuwa ameshaumia mapema zaidi: mpaka wa Katuna ulifungwa kwa biashara Februari 2019 na kufunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022, karibu miaka mitatu.

Usafiri ulipozuiwa na masoko kubanwa, kishona nguo kiliendelea kuota kando ya uzio. Sungura hawakulipa deni la uzi, kwani hesabu haikutosha. Lakini walitia nyama chunguni, na mmoja mmoja wakauzwa kwa jirani bila kuhitaji kibali cha safari wala gari. Kwa nyumba iliyokuwa imebakiwa na mashine iliyofunikwa kwa shuka, hilo halikuwa jambo dogo.

Kisha Januari 2022 ikaja na shida ya upande wa pili. Watoto walikuwa wamekua kwa karibu miaka miwili. Sweta zilizokunjwa kabatini hazikuwafika viunoni. Oda zikamiminika kwa wakati mmoja, na waliofaidi ni wale ambao mashine zao zilikuwa hazijauzwa kulipia kodi ya chumba.

Kalenda za majirani

Somo la miaka ile ni kwamba kalenda ya nchi moja haitoshi. Na hapa ndipo mfanyabiashara wa mpakani anapoingia, kwa sababu majirani wa Uganda hawafungui shule siku moja.

Kenya na Tanzania huanza mwaka wa masomo Januari. Rwanda, Burundi na Kongo huanza Septemba. Uganda ni Februari. Ukizipanga, utaona kwamba sweta za Kigali, Bujumbura na Goma zinapaswa kufumwa Juni na Julai, wakati ambao mashine za Kampala zimelala. Zile za magharibi mwa Kenya na za Bukoba zifumwe Oktoba na Novemba, kabla oda za Uganda hazijaanza. Anayekuja Januari kutafuta sweta Kampala atazikuta, lakini kwa bei ya msimu na kwa foleni. Anayekuja Juni na arubuni mkononi atamkuta mfumaji anayetaka kazi.

Ushindani upo. Kenya ina viwanda vyake vya sweta na nyuzi, Eldoret kwa mfano, na oda za maelfu huwezi kumpokonya mwenye kiwanda. Nafasi ya mfumaji mdogo ni oda ya sweta 40 au 60, ya shule ndogo yenye mistari ya rangi tatu, ambayo kiwanda kikubwa hakina haja nayo.

Anayebeba mzigo mdogo kutoka nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kuomba cheti rahisi cha asili ya bidhaa, kinachotolewa na maofisa wa forodha mpakani, ikiwa thamani ya mzigo haizidi dola 2,000 za Marekani na bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Mambo mawili yanahitaji uangalifu. Kwanza, mitumba haina asili ya Afrika Mashariki, hivyo haiingii kwenye utaratibu huo. Usichanganye sweta mpya na za mitumba katika furushi moja. Pili, kwa kuwa uzi unaweza kuwa umetoka nje ya Jumuiya, muulize ofisa wa forodha kuhusu bidhaa yako kabla ya kufunga mzigo, na uwe na risiti ya aliyeifuma.

Sungura hai ni habari nyingine. Cheti hicho hakiondoi masharti ya afya ya mifugo: unahitaji kibali cha idara ya mifugo ya nchi unakokwenda na cheti cha afya kutoka kwa mamlaka za mifugo za Uganda. Kumficha kwenye kapu la sweta ni kuhatarisha mzigo wote.

Na kuhusu rangi, usiagize kwa jina. Kinachoitwa damu ya mzee Mwanza, Kampala ni maruni, na Goma kina jina jingine. Picha ya simu nayo hudanganya. Beba kipande cha sweta yenyewe, hata cha urefu wa kidole, umwachie mfumaji pamoja na vipimo vya kifua na mkono kwa sentimita. Uliza kama uzi wa oda nzima utanunuliwa kwa mkupuo mmoja, na arubuni yako itoshe kuununua.

Muhula wa pili wa Uganda ukiwa katikati, mashine zinaweza kupatikana. Ukifika na kumkuta mama hayuko kwenye mashine, zunguka nyuma ya nyumba. Huenda yuko huko, anaanika majani yanyauke kabla ya jioni.