Mlango Unaokwama Wakati wa Masika

Kisiwa cha Pemba hupata mvua zaidi ya milimita 1,500 katika mwaka wa kawaida, na sehemu kubwa ya mvua hiyo hunyesha wakati wa masika, baina ya Machi na Mei. Katika miezi hiyo mlango wa nje uliofungika bila taabu wakati wa kaskazi huanza kukwama kwenye mwimo, hata husukumwa kwa bega. Mwenye nyumba huchukua randa, huparaza ubavu wa mlango, na shida huisha. Mwaka wa pili hufanya vivyo hivyo. Hatimaye, kiangazi kinapoingia, huonekana mwanya mpana ambao haukuwapo hapo kwanza.

Mwanya huo si jambo dogo. Hupitisha mbu na vumbi, na mvua yenye upepo hulowesha sakafu. Gunia la karafuu kavu lililowekwa juu ya sakafu hiyo huweza kuota ukungu, na kazi ya siku nyingi za kuchuma na kuanika ikapotea. Yafaa basi kujua chanzo cha kasoro kabla ya kushika randa. Vyanzo vikuu ni vitatu: ubao kuvimba, bawaba kulegea, na mwimo kuinama.

Ubao na unyevu wa hewa

Ubao, hata ukikaushwa vizuri, hauachi kubadilishana maji na hewa. Hunyonya mvuke hewa inapokuwa na unyevu, na huutoa hewa inapokauka. Ubao uliokaa muda mrefu katika hewa yenye unyevu wa asilimia 75 huwa na maji yapatayo asilimia 14 ya uzito wake mkavu. Unyevu wa hewa ukifika asilimia 85, maji hayo hukaribia asilimia 18.

Maji yanapoongezeka ubao huvimba, lakini si sawasawa kila upande. Kwa urefu wa nyuzi zake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Kwa upana hubadilika sana. Ndiyo maana mlango wa mbao za wima hukwama ubavuni, wala si juu.

Tuchukue mfano wa msaji, mti unaosifiwa kwa utulivu wake. Ukipasuliwa sambamba na pete za ukuaji, upana wake huongezeka kwa karibu asilimia 0.2 kwa kila asilimia moja ya maji inayoongezeka. Mlango wenye upana wa milimita 800, ukiongeza maji kutoka asilimia 14 hadi 18, utapanuka hivi:

800 × 0.002 × 4 = milimita 6.4

Ikiwa seremala aliacha nafasi ya milimita 3 kila upande, nafasi yote imekwisha. Kiangazi milimita hizo hurudi kuwa mwanya. Kwa hiyo hakuna randa iwezayo kuufanya mlango wa namna hii ukae sawa mwaka mzima. Nafasi lazima iwepo. Lililobaki ni kuifunika.

Mafundi wa milango ya nakshi ya Zanzibar walilitatua jambo hili zamani. Mlango wao una mbawa mbili, na mfaa uliopigiliwa kwenye ubawa mmoja hufunika mwanya wa katikati. Mbawa huvimba na kusinyaa, na mwanya hauonekani. Mlango wa fremu na paneli nao hufuata kanuni hiyo: paneli hukaa huru ndani ya mfuo, na zinazopanua mlango ni nguzo mbili tu za pembeni.

Bawaba na mwimo

Mlango wenye uzito wa kilo 30 na upana wa sentimita 80 huwa na kitovu cha uzito kilicho sentimita 40 kutoka kwenye bawaba. Nguvu yake ya kugeuza, iitwayo momenti, ni nyutoni 300 × mita 0.4, yaani nyutoni-mita 120. Ikiwa bawaba mbili zimeachana kwa mita 1.5, ile ya juu huvutwa nje kwa nyutoni 80, na ile ya chini husukumwa ndani kwa nguvu iyo hiyo. Hivyo parafujo za juu ndizo zinazolegea kwanza, hasa zikiwa za chuma kilicholiwa na kutu ya hewa ya bahari. Kona ya chini, upande wa kitasa, hushuka na kukwaruza sakafu.

Chanzo cha tatu ni mwimo wenyewe. Ukuta ukitulia upande mmoja, au mchwa wakila nguzo, fremu huacha kuwa mstatili.

Kutambua na kutengeneza

Pakwa chaki kwenye miimo, mlango ufungwe, kisha itazamwe alama. Alama ndefu ya ubavuni inayokuja na masika na kuondoka na kiangazi huonyesha kuvimba. Alama ya kona, majira yote, huonyesha bawaba. Fremu hupimwa kwa timazi ya uzi na jiwe, na kwa uzi wa kona hadi kona: fremu ya mstatili huwa na mishazari miwili iliyo sawa.

Bawaba iliyolegea hutengenezwa kwa kuziba matundu kwa vijiti vya mti mgumu vyenye gundi, kisha kutia parafujo ndefu zaidi, za shaba nyeupe zikipatikana. Mwimo ulioinama hauponi mpaka ukuta au nguzo irekebishwe.

Mlango uliovimba uparazwe pale penye alama tu, kidogo kidogo. Baada ya mbao kukauka, zipakwe rangi ya mafuta pande zote, pamoja na ncha za juu na chini. Ncha hizo mara nyingi husahauliwa, na huko ndiko maji huingia kwa wepesi zaidi. Mwanya wa ubavuni ufunikwe kwa ubao mwembamba uliopigiliwa kwenye mwimo. Wa chini, kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli.

Jambo hili lafaa kuwa zoezi la shule. Wanafunzi wapime kila wiki, tangu Januari hadi Juni, mwanya wa mlango wa darasa kwa milimita, na waandike unyevu wa hewa kando yake. Grafu itakayopatikana itaonyesha kwamba ubao hubadilika polepole, siku kadhaa au wiki baada ya hewa kubadilika. Atakayekuwa na grafu hiyo atajua ni kiasi gani cha nafasi cha kuuachia mlango wake.